Madamu na Siku Zake

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Madamu amenipiga teke. Si la kuua, la kunikumbusha mipaka tu. Paja la kulia limeumuka kama andazi.

Madamu ni farasi wangu. Jike, rangi ya kahawia, miaka kumi na moja, mguu mmoja mweupe kama kavaa soksi. Nilimtunza miaka sita kwenye kambi ya wageni karibu na Mikumi. Kambi ilipofungwa, meneja aliniachia Madamu na tandiko lake, akaondoka analia. Nikamleta huku kwetu, kata ya Ulaya, ambako hakuna farasi mwingine. Sasa anabeba mabwana harusi. Kwenye tangazo nimeandika: FARASI WA ULAYA. Watu wa Morogoro wanaelewa wanavyoelewa. Sijasema uongo.

Tatizo: yuko kwenye joto. Kila baada ya wiki tatu, siku tano sita hivi, anakuwa kiumbe mwingine. Masikio nyuma, mkia juu. Anakojoa kidogo kidogo. Ukimgusa kiuno analia kama mlango wa bati. Mkanda wa tandiko hataki hata kuuona.

Na Jumamosi tuna harusi! Mudi, fundi simu wa Kilosa, anaoa hapa kwetu. Ameomba aingie ukweni juu ya farasi. Ameshawatangazia watu wote stendi.

Nina siku tano za kumtuliza. Zinatosha.

Jumanne, 8 Aprili

Chai ya tangawizi, ndoo nzima. Mke wangu Marselina, mama Upendo, huinywa akiumwa tumbo la mwezi. Kinachomfaa mama mmoja kitamfaa mwingine. Akili ya kawaida kabisa!

Madamu alinusa. Akapiga funda moja. Akanipigia chafya usoni. Macho yanawaka hadi sasa.

Mama Upendo akauliza tangawizi ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa yake.

Mchana mashineni, nasaga mahindi, akatokea Cleopa. Cleopa ana bajaji ya harusi, ya mapazia na taa za rangi, na tangu nilete farasi hanisalimii vizuri. Leo alinisalimia vizuri mno. Akauliza hali ya Madamu mbele ya foleni nzima. Akasema yeye anamshukuru Mungu, bajaji yake haina siku zake. Watu walicheka hadi unga ukamwagika. Na mimi nilicheka kidogo, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesoma kwenye simu. Huko nje watu waliwahi kumwekea farasi jike gololi ya kioo kwenye mji wa mimba. Mwili unadhani una mimba, joto linakata. Gololi! Nimenunua tatu. Moja ya kazi, moja ya akiba, moja ya akiba ya akiba.

Njiani nikakutana na Devota, daktari wa mifugo wa kata, juu ya pikipiki yake. Kwa furaha nikamwonyesha. Akanyoosha mkono. Nikampa zote tatu.

"Amon," akasema, "ukimwingizia hizi kwa mkono wako huo, utamzika."

Akanifuata hadi nyumbani. Akampapasa Madamu polepole toka mabegani kwenda nyuma. Alipofika kiunoni, Madamu akatetemeka ngozi yote. Devota akasema hicho si kiburi, ni maumivu. Yai likikomaa, pale ndani panauma, na uzito wa mtu unalalia palepale. Akaniagiza: siku hizi asipandwe na mtu. Maji mengi, majani mabichi, matembezi mafupi bila mzigo. Tarehe za joto niziandike, na nisipokee harusi kwenye tarehe hizo. Maumivu yakizidi nimwite achome sindano yeye, si mimi.

Nikauliza, na Jumamosi je? Akauliza kama nimesikia alichosema.

Nimesikia. Lakini Devota hajui jinsi Mudi alivyotangaza pale stendi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeona jambo leo.

Nilimkuta mama Upendo bandani. Amechovya khanga kwenye maji ya moto, ameikamua, amemtandazia Madamu kiunoni, juu yake gunia kavu. Anamsemesha kwa sauti ya chini. "Pole, mama, pole. Najua. Hawa wanaume hawajui kitu."

Nikasimama nyuma ya mlango. Madamu akainamisha kichwa. Akakilaza begani kwa mke wangu, akashusha pumzi ndefu mno. Miaka sita kambini na miwili hapa, sijawahi kuisikia pumzi ile. Mimi huwa nasikia mateke tu. Nikajiona mtu mdogo. Nikaenda kumkatia majani mabichi, mizigo miwili, kwenye mvua.

Mama Upendo hakugeuka. Alisema tu, "Baba Upendo, huyu Jumamosi haendi popote."

Nikasema sawa. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Jioni Cleopa akapita na bajaji. Akapiga honi ya harusi mara tatu nyumbani kwangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepata njia isiyomuumiza mtu! Tatizo ni tandiko na mkanda wake. Basi nitamwekea blanketi laini peke yake. Mudi ni mtu wa kilo hamsini, mwembamba. Safari yenyewe ni kutoka shuleni hadi kwa bibi harusi, hatua mia tano. Hayo si matembezi mafupi? Nayo mama Upendo hatayaona, atakuwa jikoni kwa bibi harusi anapika pilau.

Hatari moja tu. Njia inapita kwenye boma la mzee Saitabau, mfugaji, mwenye punda dume. Punda huyo toka Jumatatu anaimba. Nikaenda kumwamkia mzee, nikamwomba amfunge. Mzee akaitikia marahaba, akacheka, akasema kamba aliyonayo ni ya kufungia ndama. Atajaribu.

Kwa hiyo nimeongeza ulinzi. Nitampaka Madamu puani dawa ya mafua, ile kali ya kuchua kifuani. Asiponusa punda, hakuna punda.

Jumamosi, 12 Aprili

Mungu wangu.

Tulianza vizuri. Mudi, kanzu nyeupe kama maziwa, joho, kilemba. Wapiga dufu mbele, shangazi wa Mudi nyuma na vigelegele. Madamu katembea kwa heshima. Watu walitoka majumbani. Cleopa kaegesha bajaji pembeni, uso umemshuka. Hatua mia mbili za furaha tupu! Nikampungia mkono.

Tukafika bomani kwa mzee Saitabau. Dawa ya mafua ilifanya kazi, Madamu hakunusa kitu. Ila sikuziba masikio. Punda akaimba.

Madamu akasimama. Akaitika. Akageuza makalio kwenye ua wa miiba, akanyanyua mkia, akaganda. Nikavuta hatamu. Nikasukuma. Nikabembeleza. Mudi akauliza kwa upole kama hii ni sehemu ya shughuli. Nikamwambia ndiyo.

Kamba ya ndama ikakatika. Mzee Saitabau akapaza sauti, "Shusha huyo bwana harusi!" Sikuwahi. Madamu akapiga goti la nyuma kidogo tu, na blanketi bila mkanda ni kitu kinachoteleza. Likateleza. Mudi akateleza nalo, taratibu, na heshima zake zote, hadi kwenye mfereji wa mpunga.

Punda ni mfupi. Nilijifariji kwamba hafiki. Nilisahau tuta la mfereji.

Yaliyofuata siyaandiki. Dufu zilinyamaza zenyewe. Shangazi alijifunika ushungi uso mzima, halafu akaacha tundu dogo.

Cleopa alimpeleka Mudi ukweni kwa bajaji. Aliwasha taa zote, mchana kweupe.

Jumapili, 13 Aprili

Mama Upendo hajanisemesha. Amempa Madamu khanga ya moto, mimi amenipa kiporo.

Asubuhi nikaenda kuomba radhi. Mudi kanipokea na bibi harusi pembeni yake. Alisema bibi harusi alipomwona anaingia, nusu mweupe nusu tope, alicheka hadi akasahau kuogopa, na wote wawili walikuwa wanaogopa sana. Akanipa pilau ya kupeleka nyumbani. Nililia kidogo njiani.

Devota naye kaja. Kasikia habari toka Kilosa, Mikumi na Rudewa. Kanitazama tu. Kamkagua Madamu, kasema kiuno kimelegea, anakula vizuri, na kwamba hana la kuniambia ambalo hakuniambia Jumatano.

Nimemwomba Madamu msamaha bandani, peke yetu. Kanilamba sikio. Sistahili.

Jumatano, 21 Mei

Wiki tatu zilipita, joto halikuja. Zikapita tatu nyingine, kimya! Mkia chini, masikio mbele, anataka kukunwa kiuno siku nzima. Nilimwambia kila mtu nimepata namna ya kumtuliza.

Leo Devota kavaa glavu ndefu hadi begani, kampima. Kavua glavu, kanawa mikono mbele yangu bila haraka. Kisha kasema hongera. Ana mimba. Mtoto atakuwa nyumbu.

Nikashtuka. Nyumbu! Kama wale wa mbugani Mikumi, wa ndevu na mapembe? Mama Upendo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Devota akaeleza: hawa wengine ni nyumbu wa farasi na punda, jina moja tu. Ana nguvu kuliko baba, mvumilivu kuliko mama. Atazaliwa mwakani, karibu Aprili. Hadi hapo Madamu asibebe mtu. Nimekubali papo hapo, mkono kifuani. Mama Upendo akamkumbatia Madamu shingoni, na mimi nikawakumbatia wote wawili, na hakuna aliyenipiga teke.

Nikauliza: akiwa dume, atakuwa na siku zake? Devota akasema dume hana siku.

Basi! Jibu lilikuwa mbele yangu muda wote!

Nimeshapiga simu Kilosa. Bwana harusi wa kwanza kapatikana, Juni mwakani, atakuja juu ya nyumbu. Mama Upendo anasema mtoto wa miezi miwili habebi mtu. Nimemtoa wasiwasi. Huyu bwana harusi ni mwembamba kuliko Mudi.