Kunyolewa kwa Mtaji

Jumatatu, 3 Juni
Orodha ya mashindano ya kuku imebandikwa mlangoni pa ofisi ya mifugo. Kikombe kimoja kwa kila kundi. Nimehesabu waliojiandikisha. Kuchi, wale warefu wa kupigana: kumi na wanne, akiwemo shemeji yangu. Kishungi, wenye kilemba cha manyoya kichwani: tisa. Kidimu, wa manyoya yaliyojikunja: sita. Kishingo, wa shingo tupu: mmoja. Kibutu, wasio na mkia: sifuri. Kanga: sifuri.

Si uroho wa kikombe. Baba mkwe ana kiti kimoja chenye mikono, na kila Jumapili anakikalia mwenye kikombe. Shemeji amekikalia miaka mitatu. Mimi, niliyefungua kibanda cha kunyoa kwa mkasi wa kuazima, nakaa kwenye kreti la soda.

Jumanne, 4 Juni
Kuku ninaye mmoja, Mtaji. Nilimpata nusu bei kwa kuwa hana mkia. Muuzaji aliapa kwamba kazaliwa hivyo. Nikamwambia hizo akawasimulie wajukuu. Huyu kaumwa na mbwa.

Uamuzi: kishingo. Mpinzani mmoja, na mimi nina miaka kumi na tisa ya wembe. Mke wangu akaanza kusema kitu kuhusu mkia. Nikamtoa wasiwasi: mkia nao nitauweka.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemnyoa Mtaji kwenye kiti cha wateja, taulo mabegani. Mzee aliyekuwa akisubiri aliuliza foleni inakwendaje, maana yeye ndiye aliyetangulia. Shingo imetoka laini kama goti la mtoto. Kisha mkia: manyoya kumi na moja ya jogoo wa jirani, kwa gundi ya fundi viatu. Fundi aliuliza ni ya kiatu gani. Nikasema cha sherehe.

Ijumaa, 7 Juni
Mvua. Mashindano yamesogezwa hadi Jumatano. Shemeji kaja kupunguzwa masharubu, akamwona Mtaji, akauliza, "Shemeji, huyu ni mgonjwa au ametoka jela?" Nilimpunguza upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Kioo nilikuwa nimekifunika.

Jumatatu, 10 Juni
Vinyoya vinachipua. Sasa namnyoa asubuhi na jioni na kumpaka spiriti. Mtaji akisikia mashine imewaka, ananyoosha shingo mwenyewe. Nina wateja wa miaka kumi ambao hawajafikia hapo.

Jumatano, 12 Juni
Daktari wa mifugo ndiye mwamuzi. Alipitisha kidole shingoni mwa Mtaji, akakinusa, akauliza tangu lini kuku wanapaka spiriti. Akashika mkia. Mkia ukabaki mkononi mwake, manyoya yote kumi na moja, gundi imara kabisa upande wa manyoya.

Akampapasa Mtaji nyuma. Akamwita mwenzake naye apapase. Wakakubaliana: kibutu wa kuzaliwa, na mzuri kuliko wote waliowahi kuwaona. Kikombe cha kibutu kipo pale mezani, hakina mwenyewe.

Nikanyoosha mkono.

Daktari akasema kuku aliyechezewa hapewi hata kijiko. Nimlete mwakani kama alivyozaliwa, basi. Kikombe cha kuchi kachukua Shemeji, masharubu yakiwa upande.

Jumapili, 16 Juni
Kreti. Mke wangu alisema mbele ya wote kwamba Jumanne ile alitaka kunikumbusha kundi la kibutu, nikamkatisha. Baba mkwe akasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu wetu hataki kunyolewa hata kwa ushauri wa mkewe. Shemeji alicheka mpaka mikono ya kiti ikalia.

Wote wananiimbia wimbo mmoja: mwakani mlete tu kuku wako, kibutu hakuna mpinzani. Mlete tu! Kushinda kwa kasoro, bila kutoka jasho? Huo ni ushindi wa mvivu. Sikufika hapa nilipo kwa kuleta tu vitu.

Nimeipitia orodha upya. Kanga: sifuri. Na kanga ni nini, ukiondoa makelele, ila kuku mwenye madoa meupe? Nimepiga hesabu: madoa mia tatu na arobaini, mia na sabini kila ubavu. Rangi nimeshanunua.

Nilipolifungua kopo, Mtaji akaninyooshea shingo.