Mlango wa Babu na Sufuria la Maharagwe

Nimepasua mlango wa nyumba yetu nikapikia maharagwe. Leo, mbele ya wageni, ndipo nilipojua kuwa ule mlango ndio uliokuwa unaishikilia nyumba. Mnaotaka kucheka, subirini kwanza mama alale.

Ilianza Jumamosi. Umuganda, ile kazi yetu ya pamoja, ulipoisha, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, akatukusanya kwa kikao. Mnanijua. Kikao kikianza, mimi naanza kurudi nyuma hatua moja moja mpaka nafika kitandani. Nilisikia sentensi moja tu: "Alhamisi watu wa wilaya wanakuja kuangalia nyumba za huku chini." Zilizobaki niliwaachia wenye miguu ya kusimama.

Sasa, huku kwetu mtu wa wilaya akija kuangalia nyumba, anaangalia isuku, yaani usafi. Rangi, choo, ndoo ya kunawia mikono. Na nyumba yetu ilikuwa aibu tupu. Babu alikuwa fundi wa boti hapa Gisenyi, enzi ambazo ufuo wetu wote ulikuwa karakana na magogo ya kutoka Congo. Hakujua kujenga kitu kingine, kwa hiyo hata nyumba aliijenga kama boti: mbao nyekundu zimepandana, lami kwenye nyufa. Mlangoni alichonga kwa patasi jina la kila boti aliyoishusha ziwani. Mvua ikinyesha, tulikuwa kama abiria wa boti iliyogoma kuondoka.

Mama alikuwa Mudende kwa dada yangu, wakivuna viazi. Nikaona nimfanyie jambo la kumshangaza. (Hilo nimelifanya.) Nikapigilia waya kwenye mbao, nikapiga lipu ya saruji, juu rangi ya krimu, chini kahawia, kama watu wote. Nikauza nguruwe, nikaweka mlango wa chuma. Ule wa zamani nikaupasua kuni. Mimi, ambaye hata kufagia uwanja huwa napangia wiki nzima.

Leo asubuhi nikainjika maharagwe ya wageni. Mbao ya babu inawaka polepole, haina moshi. Niliisifu kwa sauti.

Saa nne wakafika. Mkuu wa mudugudu, na dada mmoja wa wilayani mwenye faili, aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nyuma yao Mama Furaha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyefuata harufu. Wiki nzima alikuwa Goma kwa binti yake. (Angekuwepo, angeninyang'anya shoka.) Nikawapakulia wote. Dada akala vijiko viwili vya heshima, akafuta mdomo.

"Asante, kaka. Sasa tuonyeshe nyumba ya fundi boti."

"Ndiyo hii."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Kisha akatoa picha kwenye faili: nyumba yetu, na mama yangu akiwa msichana mdogo, amesimama mlangoni.

"Fidele," mkuu wa mudugudu akasema, "Jumamosi si nilieleza? Barabara ya ziwani inapanuliwa, safu yenu yote ya nyumba inabomolewa. Ila nyumba ya babu yako ikikutwa kama alivyoiacha, itahifadhiwa kama kumbukumbu, na barabara itapindishwa. Nikasema msiguse kitu. Hata utando wa buibui."

Dada akakwangua saruji kwa ufunguo. Chini yake mbao ilikuwa imepasuka kwa misumari yangu. Akaandika kitu.

"Mlango peke yake ungetosha kuwatetea," akasema. "Uko wapi?"

Kosa langu ni kwamba niliangalia jikoni, nao wakaangalia nilikoangalia. Chini ya sufuria kipande cha mwisho bado kilikuwa kinaonyesha herufi tatu. Nikakimwagia maji. Kikapasuka, ikabaki herufi moja.

"Pole sana, kaka," dada akasema, akafunga faili.

Hapo ndipo moto, yaani pikipiki ya abiria, ilipopita mbele ya nyumba imembeba mama na gunia la viazi. Ikapita kabisa. Ikaenda mpaka kwenye kona, ikasimama, ikageuka. Mama hakuwa ameitambua nyumba alimozaliwa. Akashuka, akaenda kwenye mlango wa chuma, akaupitisha mkono kuanzia juu mpaka chini, pale majina yalipokuwa. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

Habari za barabara alikuwa amezisikia njiani. Akamgeukia mkuu wa mudugudu: "Tunatoka lini?"

Mama Furaha, ambaye nyumba yake ingepona pamoja na yetu, alimaliza sahani, akalamba kijiko, akakiweka chini taratibu.

"We Fidele, maharagwe yako iko tamu, siwezi kudanganya. Lakini mutu anapika mlango ya babu yake. Bon, sasa sisi wote tutalala wapi?"