Jin ya Kumrudisha Mke

Jumatatu, 3 Machi
Mke yuko kwa mama yake. Kaapa hatarudi mpaka nimalize wiki nzima, kuanzia leo, bila tone la pombe. Wiki nzima! Kaka yake mkubwa ndiye mkaguzi, atapita kila jioni. Nyumba kimya, soksi hazionekani, nimeunguza mayai ya kuchemsha. Namtaka mke wangu. Jin naitaka pia.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Leo kazini dukani, nikipanga rafu, nimefungua katoni ya jin isiyo na kilevi. Bei sawa na jin yenyewe! Nimenunua chupa, nikaonja. Maji ya maua yaliyotiwa pilipili. Nimeyamwaga kwenye sinki, nikajaza jin ya kweli. Harufu? Lebo yenyewe inajigamba kuwa inanukia jin kabisa. Nitakunywa mbele ya shemeji, kweupe. Jamani, akili hii wanipe mshahara wake!

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kafika nikiwa ndio kwanza namimina. Kasoma lebo mbele na nyuma, kwa miwani. Mtu huyu hajaonja pombe tangu azaliwe. Akasema ukaguzi wa macho hautoshi, akaichukua glasi yangu. Roho mkononi! Akakohoa, akafuta machozi, akasema watu wa viwandani wana akili, inawasha utadhani ya kweli. Akaomba ya pili. Kaka mkubwa wa mke utamnyimaje?

Alhamisi, 6 Machi
Kakagua glasi nne. Kaimba. Kaniita mdogo wake wa damu. Mimi sijapata hata funda. Kila nikimimina ananinyang'anya, eti aliye kwenye majaribio asizoee hata ladha. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu anakauka koo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaza chupa upya. Saa nane mchana shemeji mlangoni. Kaomba ruhusa kazini kwa ajili ya ukaguzi! Jioni mke kapiga simu, sauti laini. Kaka yake amenisifu mpaka machozi yakamtoka, kwa hiyo Jumapili mke anakuja kujionea. Nimefurahi hadi nimeosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi
Balaa! Mke kaingia na begi, kamkuta kaka yake amelikumbatia friji, analiomba msamaha. Kaka kajitetea kwa ulimi mzito kwamba hajanywa kitu, lebo isomwe. Mke hakusoma. Kanusa chupa, kamnusa kaka, kaninusa mimi. Kaninusa tena. Akasema mimi ni mwongo wa kutupwa, lakini wiki nzima kweli sijanywa, na ahadi ni ahadi. Jin ikaenda kwenye sinki. Kaka akaenda kwake kwa teksi. Begi likaenda chumbani, na mimi nikalia kama mtoto, kwa furaha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka mke yuko kando yangu. Raha iliyoje! Nimetafakari sana makosa yangu. Mpango haukuwa na kasoro hata moja, kasoro ilikuwa shemeji. Leo dukani imeingia divai isiyo na kilevi. Nimechukua chupa mbili. Safari hii hakuna wa kunikagua. Jumamosi anakuja mama mkwe tu, kunipongeza, na yeye hajawahi kugusa pombe maishani.