Kichwa Kilichotaka Kunyolewa

Jumatatu, 3 Machi
Nikisimulia hadithi ya kutisha, mizimu yenyewe hulala taa ikiwaka. Hakuna wa kunifikia! Ndiyo maana leo sikushangaa mjomba aliponiomba msaada. Kinyozi mzima, kashikwa na kwikwi! Wembe shingoni mwa mtu, yeye hik! Wateja wawili wametoka mbio na povu mashavuni. Nikamwambia kwikwi dawa yake si maji, ni hofu, na hofu ndiyo mimi. Kaahidi: nikimponya, ufagio basi. Nitashika mashine ya kunyolea!

Jumanne, 4 Machi
Nimemsimulia kisa cha kichwa kisicho na mwili, kilichobingirika hadi saluni kikitaka kunyolewa. Nikanong'ona. Nikakodoa macho. Mimi mwenyewe vinyweleo vikanisimama! Mjomba akauliza kama hicho kichwa kilikuwa na mba. Hik! Fundi viatu wa mlango wa pili alicheka hadi akagandisha kidole kwa gundi kwenye soli. Eti nikasimulie watoto wachanga, wapate usingizi. Husuda tu!

Jumatano, 5 Machi
Maneno basi, sasa vitendo. Nimejipaka poda uso mzima, nikajifunika shuka la kunyolea, nikachomoka nyuma ya pazia nikilia kama fisi. Mjomba wala! Aliyeruka ni mwalimu mstaafu, aliyekuwa kitini. Nusu ya masharubu ikabaki kwenye wembe. Masharubu aliyooa nayo! Mjomba kanifukuza kwa taulo hadi barabarani, hik, hik, hik.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wa mwalimu kaja. Mama wa kujaza mlango. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akauliza kwa upole ni mkono wa nani uliomnyoa mumewe. Mjomba akauficha wembe mgongoni. Tukangoja hik nyingine. Kwikwi hakuna! Fundi viatu anadai dawa ni yule mama. Mbumbumbu! Ni kichwa changu cha Jumanne. Dawa kali huchelewa kuingia kwenye damu. Mjomba kaguna, lakini ahadi ni deni: Jumamosi nashika mashine.

Jumamosi, 8 Machi
Koti jeupe la mjomba limenikaa kama nimezaliwa nalo! Fundi viatu kajileta mwenyewe, akaketi, akaniambia haya, mtishaji, anza. Wiki ijayo naanza kutibu vipara kwa hadithi. Hofu ikisimamisha nywele, itashindwaje kuziotesha?
Kilichoharibika ni kitu kimoja tu. Kichwa kisicho na mwili sijakiogopa hata siku moja. Hiki cha fundi kilikuwa na mwili, na macho, yakinitazama kwenye kioo. Mashine ikanguruma. Mkono ukagoma.
Nikaomba ufagio.