Mradi wa Maji Uliokamilika Ofisini

Jumatatu, 3 Machi
Kwako Shajara, salamu na heshima. Madhumuni ya kukuandikia ni kuweka kumbukumbu ya hatua nitakazochukua ili mama mkwe wangu arejee kwake kwa hiari, kwa amani, na kabla ya Jumapili.

Alikuja kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa saba. Amekwishakitwaa kiti changu, redio yangu na upande wa meza unaopata upepo. Leo nilimwuliza, kwa lugha ya staha, iwapo haikumbuki nyumba yake. Akajibu kuwa yeye na magoti yake hawarudi kuteka maji mtoni. Wahisani wameahidi bomba kijijini, na siku litakapotoa maji, "hunioni tena, baba." Mke wangu akasema mama ameshasema. Shauri likafungwa.

Jumanne, 4 Machi
Idara ya Misaada tumeletewa Mfumo. Ni programu ya kompyuta inayoonyesha miradi yote ya wahisani katika ramani moja. Doa jekundu, mradi umekwama. La njano, unaendelea. La kijani, umekamilika. Zamani haya yote yalikaa katika majalada yangu, na aliyetaka kujua alinijia mimi, tena kwa kubisha hodi!

Mkurugenzi amenikabidhi miradi ya maji. Karani wa takwimu, binti mwenye ulimi mwepesi, akanionya nisibonyeze nisichokijua. "Mzee, hiyo si taipureta." Nimemsamehe kimoyomoyo.

Nikakitafuta kijiji cha mama mkwe. Njano. Mabomba yamefika nusu ya njia.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Nimebonyeza kijani. Ni kwa muda tu, hadi mama afike kwake. Nimechapa ramani kwa rangi na kuigongea mhuri.

Nyumbani niliisoma kwa sauti, nikiwa nimesimama. Mama mkwe akavaa miwani, akalikagua doa, akauliza kama maji yanatokea hapo hapo. Nikamfafanulia kuwa hiyo ni taarifa rasmi ya serikali. Akaanza kukunja nguo. Ushindi! Nimekalia kiti changu kwa dakika arobaini.

Alhamisi, 6 Machi
Pigo. Mama alimpigia simu jirani yake wa kijijini. Jirani alicheka mpaka salio likaisha. Kuna mtaro mkavu, kuna mabomba, na kuna mbuzi aliyelala mtaroni. Basi.

Mama akakunjua nguo moja moja mbele yangu. "Baba, ramani yako nzuri kweli. Ichote basi, tupikie." Mke wangu hakucheka. Alitoka nje, akachekea huko.

Nimeazimia kurudisha njano kesho, bila makeke.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechelewa. Kumbe wahisani nao huutazama Mfumo! Mhisani wa mradi ameona kijani, ameleta barua ya pongezi (imeandikwa vizuri, nakiri), na amehamishia mafundi na mabomba wilaya nyingine. Malori yaliondoka jana alasiri.

Nikabonyeza njano. Mfumo ukakataa. Mradi uliofungwa haufunguliwi bila idhini ya mhisani, nayo huchukua miezi kumi na minane. Tena Mfumo huandika jina la kila anayebonyeza. Binti wa takwimu alilisoma jina langu polepole, kama anayetangaza matokeo ya mtihani. "Mzee, si nilikwambia?" Mkurugenzi anataka maelezo ifikapo Jumatatu, kwa maandishi.

Kwa maandishi! Hapo amenileta kwenye uwanja wangu wa nyumbani.

Jioni yule jirani alipiga tena. Safari hii hakucheka. Aliuliza malori yanarudi lini. Mama mkwe akanitazama, nami nikamweleza kuwa suala liko katika mchakato. Alizima redio, jambo ambalo kwa miezi saba nimeliomba, na sikulifurahia hata kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Sikulala vizuri, ila nimeamka na ufumbuzi. Nanukuu maelezo yangu, rasimu ya nne:

"Ndugu Mkurugenzi,
Yahusu: kuendelezwa kwa mradi wa maji.
Tafadhali rejea agizo lako la Ijumaa. Mradi tajwa ulikusudia kumfikishia maji mwananchi ambaye kwa sasa, na kwa miezi kumi na minane ijayo, makazi yake ni kiti changu. Kwa kuwa imeshindikana kumpeleka mwananchi kwenye maji, napendekeza maji yamfuate mwananchi. Uani kwangu pana nafasi ya chumba kimoja chenye bomba lake, redio yake na kiti chake. Majirani zake wa kijijini waendelee kuvuta subira, nitawaandikia.
Ili kuokoa muda wa ofisi, jana nilipitia kazini na kuweka doa la kijani juu ya nyumba yangu. Mfumo umelipokea.
Naomba uamuzi wako."