Waya Uingie, Ukuta Usiguswe

Jumatatu, 4 Machi

Kuanzia leo mimi ni mtu mwenye king'amuzi. Kipya, bado kimo kwenye nailoni. Na dishi lake. Na bunda la waya mweusi wa kutosha kulifunga jengo zima.

Sababu: Jumapili ni fainali. Baba mkwe hajawahi kukaa kwetu zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Anakunywa, anatazama saa, anaaga, anakwenda kwa kaka wa mke wangu kuangalia mpira hadi jioni. Shemeji huyo namwita Inchi, maana huwezi kukaa naye kidogo bila kuambiwa televisheni yake ina inchi ngapi. Jana, mbele ya ukoo mzima, nikaropoka kwamba fainali hii mzee ataiona kwangu. Mzee akasema haya, atakuja. Inchi akacheka mpaka akapaliwa.

Tatizo ni moja tu, tena dogo. Mama mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya chini, hataki ukuta utobolewe. Mpangaji aliyenitangulia alitoboa tundu la kutundikia saa. Akahama na saa yake. Nimemwapia mama kwamba drili haitavuka kizingiti changu. Akanitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Muuza duka alinishauri nichukue kipande cha waya bapa, mwembamba kama utepe, unaopita kwenye dirisha hata likifungwa. Nikamshukuru. Hivyo ni vitu vya watu wasio na akili ya ufundi.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: mlango wa roshani. Dishi nje, king'amuzi ndani, mlango uachwe wazi upana wa kidole. Safi kabisa! Mke wangu akauliza mbu wataambiwa nini. Nikamjibu kwamba mbu hawawezi kuuona upenyo mdogo namna ile.

Wameuona. Mke wangu alipochoka kujikuna akainuka, akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote. Waya vipande viwili. Hata pole hakunipa. Kasema mlango umewekwa pale ufungwe.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili: tundu la feni ya jikoni. Lipo tangu nyumba ijengwe, sikulitoboa mimi, nani atanisema? Nikatoa feni, nikapitisha waya. Feni ikakataa kurudi mahali pake. Mke wangu akakaanga samaki na moshi wote ukahamia sebuleni. Picha yenyewe hakuna. Roshani yetu inatazama ukuta wa jengo la jirani, na dishi linataka kuona mbingu.

Inchi akapita, eti kusalimia. Akanusa, akauliza kama tumeunguliwa. Kisha akaniambia kwa upole kwamba mzee anaweza kuja kwake tu kama kawaida, wala hakuna atakayenicheka. Upole wake ndio unaonichoma. Mke wangu alimsindikiza mlangoni, nami niliuona uso wake. Naye anataka baba yake akae hapa, walau mara moja.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Nimepata!

Dirisha la sebuleni ni la vioo vya kuchomeka. Nimechomoa kioo cha chini kabisa, nikaweka kibao cha ukubwa uleule, na kibao ndicho nimekitoboa. Kibao ni changu. Mkataba unataja ukuta, kibao haukukitaja. Tena nimetumia msumari wa moto, kwa sababu niliapa kuhusu drili na mimi ni mtu wa kutunza kiapo.

Mke wangu kakikagua, kasema si kibaya. Kwake yeye hiyo ni nishani. Nikala vizuri, nikalala vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Siku tukufu. Nimepeleka dishi juu ya paa. Bila kutoboa, bila shaka: nimelisimamisha ndani ya beseni la kufulia la mke wangu, nikajaza mchanga. Madishi ya wapangaji wenzangu yote yanatazama upande mmoja. Langu nikaliambia lifuate wenzake.

Paa lenyewe lilikuwa aibu. Kila waya umefungwa kitambaa kikuukuu, huu chekundu, ule cha maua, mwingine kipande cha soksi. Takataka tupu. Nikavifungua vyote, nikavitupa. Mama mwenye nyumba atajua ana mpangaji mstaarabu.

Nikadondosha waya wangu kutoka paani, nikakimbilia sebuleni, nikaudaka ukipita mbele ya dirisha. Ukagoma kidogo, umenasa mahali. Nikauvuta kiume. Kitu kikaanguka huko chini, paa! Waya ukaachia. Ncha yake ina wekundu, kutu bila shaka. Nikaupitisha kwenye kibao, nikaukaza kwenye king'amuzi.

Picha! Inang'aa! Mke wangu akapiga vigelegele, nami nikampigia Inchi simu kumjulisha tu, bila maringo. Au maringo kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mwenye nyumba kaniita. Nikashuka nikidhani ni pongezi za paa.

Anasema wezi wamemwingilia. Alikuwa anaangalia tamthilia yake, mara king'amuzi kikaruka mezani chenyewe, kikaanguka chini, waya ukatoka mbio dirishani na kupotea. Tena wezi wenye ujuzi, wamefungua hadi vitambaa vya alama paani, ili watu wasijue waya upi ni wa nani. Nikatikisa kichwa. Nikasema dunia imeharibika.

Kumwambia? Siku moja kabla ya fainali? Nitahamishwa huku baba mkwe akiwa njiani!

Nje ya dirisha lake ulikuwa unaning'inia waya mpya mweusi. Naujua vizuri, niliununua mimi. Nikamwambia mama asijali, ninao waya wa akiba, nitamfungia. Nikaufunga. Picha ikaja, inacheza kidogo lakini ipo. Mama akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema wapangaji wa namna yangu siku hizi hawapo. Nilipinga kwa heshima, lakini si sana.

Kwa kweli hakuna aliyepoteza. Yeye anatumia dishi langu, mimi natumia lake. Ujirani ndio huo.

Jumapili, 10 Machi

Baba mkwe amekaa! Kanywa chai, hakutazama saa, kavua viatu. Kavua viatu kwangu! Inchi naye kaja, kukagua.

Kumbe wakati wa mapumziko mke wangu alihitaji beseni lake. Akapanda paani, akamwaga mchanga, akalilaza dishi chali ili, anavyosema, lipumzike. Hakuniambia. Nani angedhani ni muhimu?

Kipindi cha pili kimeanza tu, hodi. Mama mwenye nyumba, khanga begani, anamtaka fundi wake haraka, picha imekatika. Akaiona yetu. Inang'aa. Akauliza inakuwaje mwenye nyumba akose na mpangaji apate. Nikaanza kueleza kwamba mawimbi hupenda ghorofa za juu. Akanipita. Akainama nyuma ya king'amuzi, akaitazama ncha ya waya, kisha akaleta vidole vyake karibu. Wekundu mmoja. Rangi ya kucha! Akasema yeye vitambaa haviamini, waya wake huutia alama kwenye ncha.

Inchi alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Nikasema yote: paa, vitambaa, kuvuta kiume. Mke wangu akafunika uso. Baba mkwe akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani hasira. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akafuta machozi kwa soksi aliyoivua. Kisha akasema, “Mama, kaa hapa, mpira unaendelea. Huyu tutamhukumu baada ya filimbi.”

Mama akakaa. Kumbe timu yao ni moja. Goli lilipoingia walipiga kelele pamoja.

Hukumu: mama kaupapasa ukuta wote kwa kiganja, hakukuta tundu, kwa hiyo sihami. Kila waya nirudishie kitambaa. Baba mkwe, akivaa viatu, kasema akiwa kwa Inchi hulala kabla ya mapumziko, ila hapa kuna mambo ya kutazama. Atakuja kila Jumapili. Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu. Nimefurahi hadi sijui nijiweke wapi.

Jumatatu, 11 Machi

Vitambaa vimerudi. Nimetumia vipya, vyote vyeupe, vinapendeza zaidi.

Sasa mzee akija kila wiki itafaa tuwe na dishi kubwa, na ruhusa ni ya mama. Kwanza nimpendezeshe. Chini ya ngazi nimeona mita za umeme za jengo zima zimebandikwa vikaratasi vichakavu, vyenye namba za vyumba kwa kalamu. Aibu tupu! Nimevibandua vyote, nikazifuta mita hadi zikang'aa.