Posa ya Kasa wa Timbwani

Kurugenzi ya Uhamishaji wa Rasilimali za Michezo, ambayo mimi Yeslam ndiye Mkurugenzi wake, ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba uuzaji wa Kasa wa Timbwani, timu ya kwanza ya besiboli ya kulipwa upande wa Likoni, umefanyika kwa mafanikio yasiyo kifani. Natoa tangazo hili nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba yangu, Kisauni, kwa kuwa ndani hakuna nafasi. Hilo nitalieleza mahali pake, na halipunguzi mafanikio.

Kwanza besiboli yenyewe, maana wapo wanaodhani ni maradhi. Mtu hurushiwa mpira, akaupiga kwa rungu, kisha akakimbia kupitia vituo mpaka arudi alikoanzia, pahali ambapo sheria za mchezo zapaita nyumbani. Akirudi nyumbani salama, ni pointi. Mpira ukiingia kwenye tangi la maji la jirani, ni kesi. Vijana wetu walikuwa hodari kwa yote mawili.

Mfadhili aliyeianzisha timu alirejea kwao akatuachia vijana, marungu na kocha wao, Bi Kuluthum, mwanamke wa Timbwani ambaye akiita mtu Likoni, hugeuka watu walioko ndani ya feri. Ni timu ya kulipwa: kila mchezaji hupewa posho ya kuvukia feri. Kwa kuwa feri ni bure kwa waendao kwa miguu, posho hiyo haijachelewa hata siku moja.

Mwaka huu akatokea Bwana Kyalo, mwenye kampuni ya magodoro huko Nairobi, akataka kuinunua timu ivae jina la magodoro yake kifuani. Kwa mtu asiyeijua serikali, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kanuni zetu zaruhusu kuuza magari mabovu, viti vilivyovunjika na mbuzi waliokamatwa barabarani. Timu ni watu. Mwanasheria wetu akasema kuuza watu kulipigwa marufuku zamani, na sisi wa Pwani hatuhitaji kukumbushwa.

Basi nikaunda Kamati. Kamati ikajifungia katika hoteli moja nzuri, ikala, ikapumzika, ikatafakari. Ikagundua kwamba ipo njia moja tu ambayo mtu huhama nyumba hii akaenda ile, mali ikapita mikononi, watu wakapiga vigelegele, na hakuna anayeshtakiwa. Njia hiyo ni ndoa. Hivyo ndivyo ulivyopatikana Mwongozo wa Posa ya Timu, kazi ambayo naiona ndiyo kilele cha utumishi wangu.

Bwana Kyalo hakufurahi.

"Bosi," aliniambia, "mimi nimekuja kununua timu. Sijakuja kuoa."

"Huoi, Bwana Kyalo. Waleta posa ya kitaasisi. Tafuta mshenga, mtu mzima mwenye kauli njema, aje abishe hodi ofisini kwangu."

"Na bibi yangu Vivian nitamwambia aje?"

"Mwambie ni kwa mujibu wa kanuni."

Ikabaki kasoro moja ndogo. Bibi harusi lazima awe na baba, la sivyo mposaji hana wa kumwendea, na kilemba, yaani ile zawadi ya baba, hakina kichwa cha kukaa. Kilemba chenyewe kilikuwa godoro la springi, sita kwa sita, la daraja la juu kabisa katika kampuni. Kamati ilitaja majina ya watu kadhaa wanaofaa kuwa baba. Nikaona nisiwatwishe wenzangu mzigo. Nikatia saini mwenyewe: Yeslam, Baba wa Timu.

Nilipomweleza mke wangu Basma, aliacha kukuna nazi.

"Umetia saini kuwa baba?"

"Ni istilahi ya kiutawala, Basma."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mbuzi yake. Yeye akisema haya namna ile, mimi huwa sipendi, lakini nilikuwa nikiliwazia godoro.

Siku chache kabla ya shughuli, Bi Kuluthum alikuja ofisini na nahodha wa timu, kijana aitwaye Kitsao, mwenye mikono mirefu na adabu nyingi.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, mwanangu." Tazama nilivyokuwa nimeshaingia kazini.

"Watu wasema huyu bwana atatuhamishia Nairobi," akasema Kitsao. "Mkurugenzi, mamangu haoni. Mimi ndiye humshika mkono, kanisani, sokoni, kila mahali. Ndugu sina. Nikienda, ataushika mkono wa nani?"

Nikampa pole ya kiofisi, ambayo ni kuinamisha kichwa kidogo huku ukiangalia saa. Kijana akashukuru. Bi Kuluthum ndiye hakushukuru.

"Mwongozo wako wasema mambo yatakwenda kama posa yoyote ile. Ndivyo?"

"Ndivyo, kipengele kwa kipengele."

"Basi na sisi tutaweka sharti, kama watu wa kila bibi harusi wanavyoweka. Asihamishwe kwao."

"Mtaliweka hadharani, inshallah," nikasema, kwa kuwa mimi ni mtu wa uwazi.

Shughuli ilifana. Ukumbi ulijaa, udi ulifukizwa, mshenga alinena maneno matamu mpaka mwanasheria wetu akatokwa na machozi. Bi Kuluthum akasimama akalitaja sharti lake. Bwana Kyalo akanitazama. Nikamnong'oneza, "Kubali tu. Dua la kuku halimpati mwewe." Akakubali kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, akapigiwa makofi.

Kisha nikawageukia vijana, waliokuwa wamepanga mstari na marungu yao begani, nikawauliza mara tatu kama wameridhia. Kitsao akafungua kinywa. Bi Kuluthum akamkanyaga mguu. Wote wakawa kimya, na kwa mila zetu mwari akinyamaza ameridhia. Nikatangaza kwamba timu imepata mwenyewe. Kila mchezaji akapokea godoro moja kuwa mahari, nami nikapeleka kilemba changu Kisauni kwa gari la ofisi. Wallahi sijawahi kulala usingizi kama ule.

Fungate ilikwisha salama. Siku ya pili yake, Bwana Kyalo akaleta basi Timbwani awapeleke vijana Nairobi. Nikaitwa kusuluhisha. Nilipofika, basi lilikuwa linanguruma, na vijana wameketi chini juu ya magodoro yao, hakuna anayeinuka.

"Mke humfuata mume," niliwaambia. "Ni kipengele kinachojulikana."

"Na mume akivunja sharti?" Bi Kuluthum akauliza. Aliuliza kwa upole, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa makini. "Wewe umezaliwa Mvita, baba, waijua mila kuliko sisi. Mke akivunjiwa sharti huenda wapi?"

Mtu akisifiwa kujua mila, hujibu. "Hurudi kwao."

"Kwao kwa nani?"

"Kwa babake," nikasema, na nusu ya Timbwani ikanisikia.

Waliovuka feri jioni ile watasimulia wajukuu wao. Magodoro yalivuka juu ya vichwa, mstari mmoja mrefu, na waliokuwa ndani ya magari walipiga honi wakidhani ni harusi. Mimi nilikuwa nimetangulia nyumbani, nimevua viatu, naeleza Basma jinsi nilivyolitatua suala zima kwa busara, mlango ulipobishwa.

"Hodi hapa."

"Karibu," akasema Basma. "Nani?"

"Watoto wa baba Yeslam," akajibu Bi Kuluthum. "Tumezunguka, tumerudi nyumbani. Kwetu hiyo ni pointi."

Basma akafungua milango yote miwili. Wakaingia na marungu, na magodoro, na adabu zao, kila mmoja akinipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba mpaka koo likakauka. Wa mwisho alikuwa Kitsao, amemshika mkono mwanamke mzee aliyevaa leso mpya.

"Huyu ni mamangu," akasema. "Sikuweza kumwacha peke yake."

Basma akamkaribisha mgeni, akamketisha, akampa maji. Kisha akanigeukia.

"Kitsao ni mwanao. Umetia saini."

"Nimetia."

"Na huyu ndiye mamake Kitsao."

"Ndiye."

"Basi nieleze, Yeslam. Taratibu, sina mahali pa kwenda."

Nilieleza. Nilitumia maneno istilahi na kiutawala mara nyingi, na kila nilipoyatumia vijana waliinamisha vichwa wasicheke. Mwisho wa maelezo Basma alichukua godoro langu la springi akalitandika kwenye chumba cha wageni, kwa sababu Mama Kitsao ana mgongo.

Nilimpigia simu Bwana Kyalo.

"Baba mkwe," akasema, "mimi nimewaacha kwa roho safi. Magodoro wakae nayo." Kisha akakata.

Nikaandikia wakubwa wangu kuomba fungu la chakula. Majibu yalirudi upesi kuliko jambo lolote katika historia ya Kurugenzi. Walinipongeza kwa moyo wangu wa uzazi, wakasema sera hii itaenezwa katika idara nyingine, na kuhusu fungu wakakumbusha kwamba baba halipwi kulisha wanawe.

Basi ndivyo tunavyoishi. Asubuhi vijana huvuka kwenda mazoezini Timbwani, jioni hurudi nyumbani. Tangi langu la maji limeshapata ile kesi. Gunia la mchele sasa ni kitu cha kusalimiana nacho na kuagana. Mama Kitsao huwa na Basma kutwa, wakichambua mchele na mimi pia, na kijana hufika uwanjani kwa wakati bila wasiwasi. Bi Kuluthum asema hajamwona akipiga mpira vizuri namna hii. Nami nalisajili hilo kama mafanikio ya Kurugenzi.

Tumaini likaja Ijumaa. Mwenye mabohari mmoja wa Changamwe alitia posa. Nilingoja mpaka pilau iishe, nikasimama katikati ya ukumbi wangu, baina ya magodoro, nikawauliza mara tatu kama wameridhia. Wote kimya. Nikainua mikono.

"Alhamdulillahi. Kimya ni ridhaa."

Bi Kuluthum akajipangusa mdomo. "Hiyo ni ya mwari, Mkurugenzi. Aliyekwisha kuolewa akaachika, kimya chake si kitu. Lazima atamke mwenyewe."

Nikamtazama Basma anisaidie. Basma akatikisa kichwa kwamba ndivyo.

"Haya, Kitsao," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya kiofisi hata kidogo. "Tamka, mwanangu."

Kitsao akamaliza tonge lake bila papara, akanawa mikono.

"Baba," akasema, "sisi tuko kwetu, na hatuna haraka."

Wenzake wakaitikia mmoja mmoja kwamba nao wametamka. Kutoka chumba cha wageni, juu ya godoro langu, ikaja sauti ya Mama Kitsao, tulivu kabisa, ya mtu aliyezoea nyumba.

"Baba Kitsao, chai i tayari?"

Basma hakuinuka. Vijana wote walinitazama. Nikaenda jikoni kuteleka maji.